Spea jenuini, OEM, aftamaketi au mtumba: ipi ufunge wapi

Ukisimama kaunta ya duka la spea swali la kwanza ni "unataka jenuini au ya kawaida?" na hapo ndo kichwa kinaanza kuuma, maana vitu viwili vinawekwa mbele yako, kwa macho vinafanana kabisa, ila kimoja bei yake inanunua vitatu vya kile kingine. Fundi anasema lake, rafiki kwenye simu anasema lake, mwenye duka yeye anasifia kilichopo stoo.

Mi naona hilo swali linaulizwa kijumla mno. Hamna aina moja ya spea ambayo ni bora kwa gari zima. Kuna sehemu ukifunga mtumba umelamba dume, na kuna sehemu ukifunga mtumba huohuo unatafuta balaa. Kwa hiyo kila kipuri nakiuliza maswali mawili tu: kikifa gari ikiwa kwenye mwendo kinaondoka na nini, afu ili kukifikia fundi anafungua vitu vingapi? Majibu ya hayo mawili yanakuambia uingie gharama kiasi gani.

Kwanza tuelewane majina

Jenuini ni ile inayokuja kwenye boksi lenye nembo ya kampuni ya gari. Wengi wanadhani Toyota au BMW ana kiwanda cha kila nati, hapana, vipuri vingi wananunua kwa viwanda vingine, wao wanatoa vipimo na kukagua afu kinaingia kwenye boksi lao. Plagi za magari mengi ya Kijapani zinatoka NGK au Denso, giaboksi nyingi za Toyota zinatoka Aisin, shokapu nyingi KYB, na Wajerumani wananunua sana kwa Bosch, Mahle na ZF.

OEM kwa lugha ya kaunta ni kiwanda hichohicho kikiuza kwa jina lake mwenyewe. Wakati mwingine unakuta kabisa sehemu ilipokuwa nembo ya kampuni ya gari imekwanguliwa. Hapa kuna mtego mdogo ila unawanasa watu wengi: jina kubwa kwenye boksi siyo lazima liwe na kile kile kilichokuja na gari. Kiwanda kimoja kinaweza kuwa na madaraja kadhaa, KYB kwa mfano wana aina tofauti za shokapu kwa gari ileile, kwa hiyo "ni KYB" peke yake haitoshi, uliza ni KYB ipi.

Aftamaketi ni kampuni ambayo haikuhusika na gari yako tangu mwanzo, imepima kipuri na kukitengeneza kivyake. Siyo tusi hilo neno. Humo ndani kuna kampuni nzuri sana na kuna takataka, na tofauti kati ya juu na chini ni kubwa kuliko tofauti kati ya jenuini na aftamaketi nzuri.

Mtumba unajulikana, kipuri orijino kilichotolewa kwenye gari nyingine, kimeshafanya kazi, umri wake anaujua Mungu.

Afu kuna feki, ambayo hakuna anayeomba ila inajificha kwenye hizo mbili za mwanzo. Fikiria kidogo, nani anahangaika kughushi jina lisilojulikana? Anayeghushi anachapa boksi la Toyota, boksi la NGK, boksi la Denso. Ndo maana anayesema "mi nanunua jenuini tu" bila kujua kuitambua anaweza kuwa na spea mbovu kuliko mwenzake aliyenunua aftamaketi ya wazi yenye jina lake halisi. Jenuini ya bei ya aftamaketi usishangilie, igeuze geuze kwanza.

Breki

Hapa jibu la swali la kwanza unalijua, kwa hiyo mtumba wa pedi na sahani zake haupo kwenye mjadala. Ubishi ni jenuini dhidi ya aftamaketi na mi kwa pedi naenda aftamaketi nzuri bila wasiwasi, mradi ina alama. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 inayosema pedi mbadala lazima nguvu yake isitofautiane na ile ya orijino kwa zaidi ya asilimia 15, na pedi iliyopita mtihani huo inachapwa herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi, afu maandishi yanayoanza na 90R. Itafute nyuma kwenye bati la pedi yenyewe, boksi tu halitoshi.

Nyingine zina herufi mbili mwishoni mwa namba, mfano FF au GF au EE. Herufi ya kwanza inaonyesha pedi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni msuguano wa 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G inapanda hapo. Ukiona ya pili iko chini ya ya kwanza maana yake ikichemka kwenye mteremko mrefu inalegea, we amua mwenyewe kama unaitaka. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele, usizisome zaidi ya hapo.

Kalipa ni hadithi tofauti. Kalipa ya mtumba orijino ukibadilisha sili na vumbikava vyake vikawa vipya, na pistoni haina kutu, naichukua kabla ya kalipa mpya ya jina nisilolijua. Diski nayo ina unene wa mwisho umechapwa pembeni au katikati, mara nyingi wanaandika MIN TH na namba ya milimita, kwa hiyo hata anayekushawishi ya mtumba "bado nene hii" mpimie na kipimo mbele yake.

Taimingi belti na familia yake

Sehemu hii sibishani na mtu. Kwenye injini nyingi belti ikikatika pistoni inakutana na valvu, valvu zinapinda, na kilichokuwa kazi ya mchana mmoja kinakuwa kufungua hedi nzima. Hilo swali la kwanza. La pili ndo linamaliza kabisa ubishi: ili kuifikia fundi anashusha mauntini, puli, makava, yaani gharama ya kazi ni ileile iwe belti ni ya maana au ni ya kubahatisha. Sasa unaokoa nini? Jenuini au OEM basi, Aisin, Gates, Contitech, INA wote wanauza seti kamili. Na nunua seti, siyo belti peke yake, tensheni na puli za kati na wota pampu kama inaendeshwa na belti hiyohiyo vyote viingie siku moja, maana beringi ya tensheni ikifa inaitoa belti mpya kwenye njia na matokeo ni yaleyale.

Mtumba wa belti hata kama "gari ilitembea kidogo" achana nao, mpira unazeeka kwa miaka hata gari ikiwa imepaki. Injini zenye cheni nazo zina wajanja wake, wanaouza cheni ya bei ya chini ambayo baada ya muda mfupi inaanza kurefuka na kugonga asubuhi, na kazi ya kuifikia ni kubwa kuliko ya belti.

Umeme na sensa, hapa mtumba unampiga mpya

Watu hawaamini hili mpaka liwakute. Kwenye sensa ya kupima hewa, koili, throto bodi, na vimeme vingine vya injini, mpangilio wangu ni OEM mpya kwanza, mtumba orijino pili, aftamaketi ya bei ya chini mwisho kabisa au isiwepo. Sababu ni kwamba sensa haifi tu au kupona, sensa inaweza kudanganya. Ile ya hewa ikisoma vibaya gari inawaka, inaondoka, taa ya injini labda haiwaki kwa siku kadhaa, ila kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu ya uongo, ulaji unapanda, mwishowe katalitiki, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, inachakaa na unaanza kumlaumu fundi wa plagi. Mtumba orijino wa namba ileile ukiwa mzima unasoma vile kiwanda kilivyotaka. Anayeuza mtumba wa umeme akubali ujaribu kabla hujaondoka, akikataa nenda kwingine.

Oksijeni sensa pekee ndo siipendi ya mtumba, ile inazeeka na kuwa nzito kujibu hata kama haijafa. Chukua mpya ya OEM, na ukwepe zile za kukata waya na kuunganisha, nunua yenye soketi yake.

Plagi nunua Denso au NGK ila kwa mtu unayemwamini, hizi zinaghushiwa hasa. Iridiamu halisi kwenye magari mengi zinaenda kilomita 100,000 wakati zile za kawaida za nikeli unazungumzia 30,000 hivi au 40,000, kwa hiyo feki ya iridiamu unalipia uhai ambao haupo. Angalia ncha, halisi ni sindano nyembamba sana iliyochomelewa safi katikati, feki nyingi ncha ni nene au imekaa upande.

Stata na alteneta mi ni mtu wa kutengenezesha ile orijino. Kinachokufa humo mara nyingi ni kaboni, beringi, regyuleta au daiodi, vinabadilika, mwili unabaki ule mzuri. Mpya ya jina lisiloeleweka inakuja na waya nyembamba na beringi dhaifu, na utarudi kwenye foleni mapema.

Filta

Fupi tu. Filta ya oili na ya hewa aftamaketi yenye jina inatosha kabisa, Mann, Mahle, Sakura, hizo fanya kazi yako ulale. Ila usishuke chini ya hapo kwa filta ya oili kwa sababu ndani kuna mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, injini ikizimwa, mpira ukiwa mbaya kila asubuhi unasikia tatatata kidogo kabla oili haijapanda, hiyo tatatata ni chuma kwa chuma. Filta ya hewa angalia mpira wa kingo, karatasi inaweza kuwa nzuri ila kama haikai sawa kwenye boksi vumbi linapita pembeni. Ya kabini nunua yoyote, mbaya zaidi utapiga chafya.

Miguu ya gari

Hapa ndo maswali mawili yanafanya kazi vizuri kwa sababu vipuri vimekaa pamoja lakini hatari zake hazifanani hata kidogo.

Boljointi ikichomoka tairi linalala na gari inakaa chini, kwenye mwendo ni ajali. Tairodi nayo ikiachia usukani unakuwa pambo. Kwa hizo mbili jenuini au OEM au jina la Kijapani linaloheshimika kama 555, na hiyo 555 nayo ichunguze kwa sababu inaghushiwa. Linki za stabilaiza kwa upande mwingine zikiisha zinagonga tu kwenye mashimo, na kubadilisha ni nati mbili kila upande. Funga aftamaketi ya kati, zikifa funga nyingine, sioni sababu ya kuumiza mfuko hapo.

Bushi ziko katikati. Hazikuui, ila nyingi zinahitaji kushusha mkono na kupelekwa kwenye presi, kwa hiyo ukifunga mpira mwepesi unalipa kazi ileile tena baada ya muda mfupi, na wilo alaimenti juu yake. Jenuini. Kuna wanaoweka zile za poliyurithini ngumu, zinadumu kweli lakini kila jiwe barabarani unalisikia kwenye meno, chaguo la mtu.

Shokapu za mtumba zinavutia kwa sababu ni orijino na zinaonekana kavu. Shida ni kwamba shokapu inachoka ndani kabla haijavuja nje, na kuibonyeza kwa mkono dukani hakukuambii chochote cha maana. Bora aftamaketi mpya ya kati kuliko jenuini iliyochoka. Na ziwe mbili mbili kwa ekseli, siyo mpya kushoto na kuukuu kulia.

Injini na giaboksi: mtumba au kufanya ovahoo?

Hili ndo zito. Injini imekunywa oili, inatoa moshi, fundi anakuambia "tutafute mashine nyingine" na mwingine anasema "tufungue hii".

Mtumba una faida ya haraka na unajua gharama mapema. Hasara ni kwamba historia huijui. Kabla hujalipa fungua kifuniko cha oili, ukikuta tope jeusi limeganda kama lami chini yake aliyekuwa nayo hakuwa anamwaga oili. Angalia matundu ya maji kama yana kutu. Omba kompresheni ipimwe silinda zote, na usikilize zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe, tatu zikiwa sawa na moja iko chini sana hiyo mashine ina ugonjwa wake. Hakikisha namba ya aina ya injini ni ileile mpaka herufi za mwisho, injini za jina moja zinaweza kuja na sensa na waya tofauti, na hapo ndo siku tatu zinakuwa wiki tatu za kuunganisha nyaya.

Na injini ikiwa bado iko chini, badilisha vitu vyote ambavyo baadaye vitahitaji kuishusha au kufungua mbele: sili ya nyuma ya krenki, taimingi, wota pampu, thamostati. Wengi wanasahau kuweka hilo kwenye hesabu, wanaona mtumba ni nafuu kuliko ulivyo.

Ovahoo inashinda pale bloku ikiwa nzima na fundi wako ana vipimo, namaanisha maikromita na boregeji halisi, siyo kidole. Fundi anayesema atabadilisha ringi tu bila kupima silinda wala kuisugua upya kuta zake za ndani (honi) anakuuzia miezi michache. Kama fundi wa namna hiyo ndo uliye naye, mtumba uliopimwa vizuri ni salama zaidi kuliko ovahoo mbaya, sisemi kwa kumdharau mtu.

Giaboksi ya otomatiki ya kawaida mtumba unakubalika. CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia, naiogopa zaidi, mkanda wa chuma ukishakwaruza puli hakuna dalili ya nje utakayoiona kaunta. Ukilazimika, fungua sampu uone chenga za chuma kwenye sumaku, unga laini kidogo ni kawaida, vipande siyo. Na CVT inataka oili yake yenyewe, ukiweka ya otomatiki ya kawaida unaiua.

Bodi, taa, na kitu kimoja kisicho na mjadala

Bampa, milango, vioo, grili, mtumba orijino ndo mfalme. Vinakaa kwenye matundu yake bila kulazimisha, aftamaketi nyingi unaona mwanya mkubwa upande mmoja na fundi anatoboa upya. Ukibahatisha rangi ileile, hata kupaka hupaki.

Taa za mbele kuwa makini. Mwanga wa taa unachongwa kulingana na upande wa barabara, taa zilizotoka nchi wanayoendesha kulia ukizifunga sehemu wanayoendesha kushoto unawamulika wanaokuja usoni, na hakuna kurekebisha skrubu kutakakolimaliza hilo.

Eabegi ni jenuini mpya tu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilionya mwaka 2012 kuhusu eabegi feki ambazo kwenye majaribio nyingine hazikufunguka sawasawa na nyingine zilirusha vipande vya chuma. Mtumba nao una hatari yake, eabegi za Takata zilizoitwa kurudishwa ni takriban milioni 67 kwa Marekani pekee, na iliyotolewa kwenye gari lililokatwa haina wa kukuambia kama ilikuwa mojawapo. Mikanda yenye baruti ya kukaza kwenye ajali iweke kundi hilohilo.

Matairi ya mtumba, kama ndo uwezo uliopo, soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni, 2619 ni wiki ya 26 ya mwaka 2019. Kashata inaweza kuwa nzuri na mpira umeshakauka. Betri ya mtumba hapana.

Ukienda dukani

Nenda na namba, siyo na maelezo. Namba ya chesisi inatoa namba ya kipuri, na namba ya kipuri ndo inayofanya ulinganisho uwezekane, maana OEM na aftamaketi nzuri wote wanaandika kwenye katalogi zao kipuri chao kinachukua nafasi ya namba gani. Za Toyota zina tarakimu au herufi kumi zikigawanywa tano kwa tano, na tano za mwanzo zinakuambia aina: 04465 ni pedi za mbele, 90915 filta za oili, 48510 shokapu ya mbele kulia na 48520 kushoto. Mtu akikuletea "pedi za mbele" zenye namba inayoanza na 04466, hizo za nyuma.

Kipuri kipya kiweke sambamba na cha zamani kabla hakijafungwa, pima uzito mkononi, linganisha maandishi yaliyochapwa kwenye chuma, idadi ya meno, urefu wa waya. Kama fundi ndo ananunua kwa niaba yako mwambie mapema kabisa kwamba unataka boksi na kipuri cha zamani vyote viwili, na ukishapewa piga picha namba iliyo kwenye kipuri kipya kabla hakijaingia ndani ya gari, maana kikishafungwa na kufunikwa huwezi tena kujua ulichokilipia.